Jembe la Mwanafunzi wa Tano

Kibali kilisema wanafunzi watano. Pungufu ya hapo, shahada ya uzamili ya uhandisi wa nyenzo isingefunguliwa Bungoma, na mimi niliyeandika mtaala wake kwa miaka mitatu ningerudi kufundisha kozi za cheti kule Kitale. Asubuhi ya uzinduzi wanne walikuwa wametia sahihi. Wa tano, binti wa ukoo wa wahunzi kutoka Sirisia, alisema angesaini akishaiona mashine ikifanya kazi.

Mashine ile huvuta chuma mpaka kikatike. Niliileta kwa lori kutoka Kitale, nikaijaribu kwa nondo tatu. Zote zilikatika kwa mlio mmoja. Kwa ajili ya wageni niliona tuvute kitu cha nyumbani, nikamwomba binti yule alete chuma cha babu yake. Akaleta jembe, la mwisho mzee kulifua kabla hajafa. Nikakata kipande kwa kipimo, nikakibandika namba, nikakibana.

Kikakataa. Mshale wa kipimo ulipanda, ukasimama. Mashine ilinguruma bila kitu kusogea, na chini ya ngurumo ile kukawa na sauti nyingine, kama ya mtu anayekohoa chumba cha pili. Chumba cha pili ni stoo. Ufunguo nilikuwa nao mfukoni.

"Daktari, chuma chenu kimegoma kama walimu, bana!" mgeni mmoja akatania.

Watu wakacheka, kisha kikohozi kikarudi.

Nikaizima mashine kwenye swichi ya ukutani. Binti akanisogelea.

"Mwalimu, ulimwambia kuka?" Alimaanisha babu yake.

"Nimwambie nini? Si alishazikwa?"

"Kwetu chuma cha mhunzi aliyekufa hakivunjwi kabla hajaambiwa kinaenda kufanya kazi gani. Nilidhani unajua. Ati wewe ndiye mwenye kozi."

Wote walinitazama. Niliweka kiganja juu ya chuma. Kilikuwa na joto, joto la shingo ya mtu.

"Kuka," nikasema, "tunataka mjukuu wako ajue ulichokijua."

Kikakatika. Mlio mmoja.

Wageni wakapiga makofi. Binti akachukua kalamu, akasaini chini ya wale wanne bila haraka. Mimi nilikuwa natazama ukutani. Swichi ilikuwa bado imezimwa.