Mutu wa kofia aliyeuliza Sifa

Leo nimemwambia mukwe wangu kwamba bibi yake wa ndoa alikufa.

Bamama, musinitukane kwanza. Mi nasema, binti yangu Sifa ndiye anaandika kwenye simu, anacheka.

Tulikuwa tunaangalia filme ya wazungu ya miaka ya sabini, imerudishwa kwenye CD. Iko na mupelelezi hana kombati ya askari, hana mukubwa wa kumutuma. Anavaa kofia, anapiga hodi, anauliza bibi ya fulani ako wapi. Bamama ba jirani banacheka mpaka machozi.

Mi sikuona cha kucheka. Na vita hii, mutu akikuja kuuliza jina, mwenye jina anazikwa.

Mara hodi.

Mwanaume. Na kofia.

"Mama, Sifa ako hapa?"

"Sifa alikufa. Enda."

Akavua kofia, akakaa kwenye mavumbi, akalia kama mutoto.

Nikachanganyikiwa. Ule wa kwenye filme halii.

Sifa akatoka ziwani na ndoo ya maji, akamuona, ndoo ikaanguka. "Mama, ni baba Amani."

Kumbe ndiye baba ya mujukuu wangu, bwana aliyemuoa kwenye kambi ya wakimbizi, ng'ambo ya ziwa, vita ilipomukimbiza. Mi nilibaki huku Baraka, sikumuona hata siku moja. Amevuka kumufuata.

Sasa ako nyuma ya nyumba, mi niko jikoni, kwa sababu kwetu mukwe na mama-mukwe habaangaliane uso. Nimemutumia ugali na samaki ya mikebuka, sahani imerudi vile vile. Anasema kilio bado kiko kooni.

Bamama, mutu mwenye sina ruhusa ya kumuangalia, nitamuomba pole namna gani?