Paka Amenilalia

Mwanangu wa kike ndiye aliyeniletea balaa hili. Alikuja Jumapili moja kutoka Changamwe anakofanya kazi, ameshika kapu la ukindu lililofunikwa leso, uso umemchanua kama aliyeleta posa.

"Shikamoo mama. Nimekuletea dawa ya presha."

"Marahaba. Dawa gani hiyo inayolia?"

Akafunua leso. Ndani kakaa paka wa rangi ya majivu, sikio moja limekatika ncha, ananitazama kana kwamba mimi ndiye niliyeingia nyumbani kwake. Mwanangu akasema amesoma kwenye simu kuwa kufuga paka kunapunguza mawazo, na mawazo yakipungua presha nayo hushuka. Mtu ampakata paka wake, ampapase mgongo, basi moyo unatulia. Nikamwuliza huyo aliyeandika ana paka kweli au ana simu tu. Akacheka. Mimi sikucheka hata kidogo.

Ningemrudisha na kapu lake siku ile ile, wallahi, lau si jicho langu.

Mimi ni mshonaji wa kofia. Zile kofia nyeupe za mkono, za vitundu vidogovidogo, kila kitundu kinazungushiwa uzi peke yake, na kofia moja inaweza kukaa mapajani mwangu miezi. Kazi hii nimeifanya hapa Junda tangu nilipoolewa, na kabla ya hapo kwa mama yangu. Sijui nyingine. Mwaka jana jicho la kulia likaanza kuingia ukungu, nikawa natunga uzi kwa kupapasa. Kliniki ya macho wakasema ni mtoto wa jicho, atatolewa, si jambo kubwa. Nikaenda siku niliyopangiwa. Muuguzi akanifunga ule mkanda wa presha mkononi, akautazama, akatikisa kichwa. Iko juu, hatuwezi kukupasua hivi. Meza dawa zako, rudi baada ya mwezi.

Nikameza, nikarudi. Yale yale! Safari hii daktari mwenyewe akaniketisha, akaniambia kwa upole kwamba atanipa nafasi ya tatu, na nikija tena na presha ya namna ile itabidi anitoe kwenye orodha mpaka madaktari wapasuaji, ambao ni wageni hapo, watakaporudi, na watarudi lini yeye hajui. Jicho la kushoto nalo limeshaanza. Akaniuliza, "Mama, nyumbani una mawazo gani?"

Nikamjibu sina mawazo yoyote. Nami niliamini nasema kweli.

Nyumba yetu ina watu watatu. Mimi, mume wangu aliyestaafu bohari ya mafuta kule Changamwe, na wifi yangu, dada yake mkubwa, aliyerudi kwetu alipofiwa na mumewe. Si watu wabaya. Hawanipigi, hawanitukani. Wananiita tu. "Mama!" Abee! Miwani yangu iko wapi? Miwani iko puani kwake. "Wifi!" Abee! Hebu niangalizie kama mvua yaja. Naye kakaa dirishani! Nikiketi na sindano, nikipata kitundu kimoja, naitwa. Nikirudi nimesahau nilipofikia. Nilizoea hata nikaona kwamba ndivyo miguu ilivyoumbwa. Siku zile mbili za kliniki niliamka kabla ya alfajiri, nikakanda mahamri, nikakuna nazi ya mbaazi, nikapika na cha mchana kabisa wasije wakakaa na njaa, kisha nikaenda mbio kupimwa presha. Ikipanda wanashangaa.

Sasa juu ya wote hao, paka.

Wiki ya kwanza aliiba samaki changu wawili niliowatia ndimu na chumvi. Sikugeuka zaidi ya kufuata kifuniko! Wiki ya pili aliingia kwenye kikapu changu cha uzi akazungukazunguka, nikashinda siku nzima nafungua mafundo kwa jicho moja bovu na jingine linaloharibika. Kofia iliyobakia kidogo imalizike akailalia akiwa ametoka kugaagaa jivuni. Nilimpigia mwanangu simu. Nikamwambia dawa yako imenipandisha presha mpaka utosini. Akasema, "Mama, mzoee kwanza." Nimzoee yeye, anizoee nani?

Na mume wangu! Mimi huyu ananiita "mama" nusu ya siku na "wewe" nusu iliyobaki. Paka akampa "kipenzi," "mwanangu," "bwana mkubwa." Anamchambulia samaki miiba kwa vidole vyake. Mimi hajanichambulia samaki hata nilipokuwa na mimba.

Lakini nisiseme uongo, chuki yangu na paka ilikuwa ya zamani. Nilipoolewa nyumba hii ilikuwa ya mama mkwe, Mungu amrehemu, naye alikuwa na paka. Alikuwa na kiti chake cha mbao kando ya dirisha, na paka wake mapajani, na mimi bibi arusi wa juzi nikizunguka nyumba nzima. "Niletee maji, mwanangu, paka amenilalia." "Nitazamie wali, mwanangu, paka amenilalia." Kwao kulikuwa na desturi ambayo kwetu sikuiona: paka akimlalia mtu, mtu yule hainuki wala hainuliwi mpaka paka aamke mwenyewe. Hata mkwe wangu wa kiume, mtu aliyekuwa akiita mke wake kwa sauti ya kufika sokoni, akiambiwa paka amelala alinyamaza. Nilimwona mama yule mvivu. Mungu anisamehe, nilisema moyoni kwamba yule paka ni kisingizio. Alipofariki, paka wake naye akapotea, nami nikaapa kwamba haingii mwingine.

Basi alasiri moja nimekaa kwenye kiti kile kile, kwa sababu ndicho chenye mwanga, nashona. Huyu wa majivu akaruka juu. Akajizungusha mara mbili, akajikunja juu ya mapaja yangu, akaanza kukoroma. Nikainua mkono nimtupe chini. Wifi yangu akapiga ukelele.

"Usimwondoe! Wee, amekulalia! Mama hakukufunza?"

Mkono ukabaki juu. Wakati ule ule mume wangu akaita kutoka barazani, "Mama! Chai iko wapi?"

Kabla sijasema abee, wifi akamjibu mwenyewe kwa sauti ya mama yao. "Paka amemlalia!"

Mara nikasikia ndara za wifi zinaelekea jikoni. Wifi yangu! Akarudi na birika na vikombe, akampelekea kaka yake, akaniwekea kimoja kwenye kistuli bila neno. Miaka thelathini na moja katika nyumba ile, ukiondoa siku nilizojifungua, sikuwahi kunywa chai niliyoletewa. Nilikishika kikombe, nikaanza kucheka, kisha machozi yakanitoka, na wifi akadhani ni jicho.

Kumbe mama mkwe alijua. Alijua tangu siku ya kwanza. Hakuwa mvivu hata chembe, alikuwa amechoka, na hakuwa na neno jingine la kusema ambalo wangelisikia. Niliona haya kwa mawazo yangu yote juu yake. Niliona na hasira pia, kwa sababu aliyekuwa akimletea maji ni mimi, na hakuninong'oneza hata siku moja.

Tangu hapo nikawa na siri. Nikatia dagaa wakavu mfukoni mwa dera. Kila baada ya adhuhuri nikaketi dirishani na kufanya "pss, pss" kama kichaa, na kila siku nikamlaani yule paka. Maana ukimtaka haji! Anapita mbele yako mkia juu kama askari wa manispaa, anakwenda kulala juu ya jiko lililopoa. Ukiwa na haraka ndipo anakulalia. Akija ana kucha. Akilala anakoroma, akiamka anaondoka na manyoya yake yote amekuachia kwenye dera. Hanipendi, nayajua hayo, anapenda dagaa na mapaja yenye nyama. Lakini kila alipolala, nyumba ilinyamaza. Watu walijitafutia miwani. Mvua waliitazama wenyewe. Mimi nikashona kitundu baada ya kitundu, na kuna siku nilisinzia na sindano mkononi.

Siku ya tatu ya kliniki ikafika. Nilisali alfajiri, nikabaki mkekani nivute tasbihi kidogo kabla ya kwenda kukanda unga. Yule mlaaniwa akaja, akanilalia. Bila dagaa! Mume wangu akatoka chumbani akasimama, akatazama paka, akatazama jikoni kusikokuwa na moshi.

"Mahamri je?"

"Huoni?" wifi akamkemea.

Akavaa kofia yake, akaenda dukani kununua mkate. Mimi nikakaa mpaka jua likatoka, sijakanda, sijakuna nazi, sijafua hata kitambaa. Mwanangu alipokuja kunichukua alinikuta bado mkekani.

Kliniki muuguzi akafunga mkanda. Akautazama. Akafungua, akafunga mkono wa pili. Mimi nimeshikilia kiti, nasoma dua zote ninazozijua.

"Mama, umetumia dawa gani safari hii?"

"Zile zile mlizonipa."

"Ni paka!" mwanangu akaruka. "Nilimletea paka! Si nilisema?"

Muuguzi akacheka, akaandika, akaniambia niende nikavae gauni la kupasuliwa. Njia nzima ya ukumbini mwanangu anajisifu kwa simu yake. Nikamwambia, "Si paka, mwanangu. Ni kule kukaa kitako." Hakunielewa. Yeye bado hajaolewa.

Mtoto wa jicho akatolewa, alhamdulillahi. Daktari akatuita sote, na mume wangu, na wifi. Akasema polepole kama anayesomesha watoto: wiki nne mama asiiname, asinyanyue kitu kizito, asikae mbele ya moshi. Akiinama jicho linaweza kuharibika, na likiharibika sisi hatuna la kufanya tena. Mume wangu akaitikia kwa kichwa kila neno. Njiani akamrudia mwanangu maagizo yote, hakukosea hata moja.

Siku tatu baadaye, wifi akaenda Timbwani kwenye arusi ya watu wa marehemu mumewe, alale huko. Tukabaki wawili. Alasiri nimekaa kwenye kiti cha mama mkwe, jicho limefunikwa pamba na plasta, mkono mfukoni kwenye dagaa. Pss, pss. Paka akaja. Akanusa ndara zangu, akanipita, akamrukia mume wangu kwenye kochi, akajikunja. Haini mkubwa!

Mume wangu akamtazama kwa mapenzi. Akampapasa. Nami namwona kwa jicho langu bovu lililobaki, namwona vizuri tu, uso wake umetulia kama wa mama yake.

"Mama!"

"Abee!" Mdomo ulijibu kabla sijauuliza.

"Chai. Ningejipikia mwenyewe, wallahi, lakini waona. Paka amenilalia."

Damu ikanipanda, nikaisikia masikioni. Na nitakalosema sasa ndilo linalonikera mpaka leo kuliko yeye: miguu yangu ilikwisha kuanza kutafuta ndara. Gesi ilikuwa imekwisha tangu jana. Jiko ni la makaa, liko chini, na jiko la makaa huliwashi ila umeinama na kupepea na moshi wake unaula wewe. Nilikuwa nimeshika mikono ya kiti, nimeshajiinua nusu. Kwa ajili ya kikombe cha chai!

Nikarudi kitini.

"Siinuki," nikasema.

Akageuka. "Nini?"

"Siinuki."

"Lakini wewe paka hayuko kwako."

"Hayuko. Na siinuki."

Akanitazama, akatazama ile pamba jichoni, akaitazama muda mrefu. Sijui aliona nini. Kisha akamshika paka kwa mikono miwili, paka analalamika, akamteremsha sakafuni. Amemwinua paka aliyelala, mtoto wa mama yake! Paa halikutuangukia. Akaenda jikoni bila ndara.

Nikasikia makaa yanamwagwa. Nikamsikia anapepea, anakohoa, anapepea. Sufuria ikaanguka, ikabingirika, ikanyamaza. Paka akaja akasimama miguuni pangu, anayatazama mapaja yangu. Nikamwambia amechelewa.

"Mama!"

"Abee."

"Sukari iko wapi?"

Miaka thelathini na moja. Kopo lile lile, rafu ile ile.

"Muulize paka."