Yaliyosemwa Kikao cha Tano

Kaka yangu aliponiuliza binti yangu anasema nini kule kwa mshauri, nilipaswa kukataa kumjibu. Nilimjibu.

Tulikuwa tumefika kikao cha tano: mimi, mke wangu na binti yetu, anayefua mashuka kwenye loji moja hapa Karatu. Vikao vya mwanzo vilikuwa na matumaini. Huku katikati tulichoka. Kila Alhamisi tulikaa kwenye viti vilevile vya plastiki nyuma ya zahanati, tukarudia mambo yaleyale, tukatoka bila kutazamana. Mshauri, mama mpole, alikuwa ametuomba jambo moja: yanayosemwa mle yabaki mle.

Siku ile binti alisema akitazama sakafu, "Baba, uliponitoa kidato cha pili ukanipeleka Mang'ola kwa baba mkubwa, hukuniuliza hata mara moja naishije. Nilikuwa nang'oa vitunguu na vibarua toka alfajiri. Nyumbani kwake nilikula mwisho, kilichobaki."

Nilisema tu, "Nimesikia, mama." Mshauri akasema wiki ijayo tutaanzia hapo.

Jumapili kaka akaja kututembelea.

"Mdogo wangu, siku hizi mpaka mgeni awafundishe kuongea na mtoto mliyemzaa? Anasemaje huko?"

Nilikuwa nimechoka. Nikadhani akisikia ataona aibu, atamwomba radhi, nasi tutapumzika na vile viti. Nikamweleza yote.

Akaitisha kikao cha ukoo, nyumbani kwangu. Binti aliitwa bila kuambiwa sababu. Akasimamishwa mbele ya wakubwa, akatakiwa amwombe baba mkubwa msamaha kwa kumchafua jina. Shangazi yake mmoja akacheka: "Kula mwisho nako ni kesi? Sisi tuliokula ukoko tumshitaki nani?"

Binti akanigeukia. "Baba, waambie."

Nikainamisha kichwa. Akaomba msamaha, akachukua mkoba wake, akaondoka.

Alhamisi tulikuwa wawili na kiti cha tatu kitupu. Tulisubiri saa nzima. Mke wangu akasema, "Mzee, twende. Haji."

Ni mwaka wa nne sasa. Kutoka kwangu hadi kwake ni mwendo mfupi wa bodaboda. Mke wangu huenda, akirudi ananiambia: mtoto amezaliwa, mtoto ameota meno, mtoto anatembea. Mimi siitwi. Binti yangu aliniambia ukweli mara moja tu maishani, nikaupeleka kwa mtu aliyemuumiza. Nimempoteza, na mjukuu wangu hanijui.