Kiti cha Jumatano

Mume wangu Tiaon amepima mizigo kwenye uwanja wa ndege wa kisiwa chetu cha Kiritimati miaka kumi na tisa. Muulize Tarawa ni mbali kiasi gani, hakawii kukujibu: kilomita elfu tatu na mia tatu, mwendo wa saa nne na nusu kama ingekuwapo ndege ya moja kwa moja. Haipo. Nchi ni moja, bendera ni moja, lakini sisi wa huku lazima tushuke kwanza Fiji, tulale huko, ndipo tupande tena kwenda makao makuu ya nchi yetu wenyewe. Na ndege yenyewe huja Jumatano tu. Nasema kwa hasira, ndiyo.

Mama yake alikuwa mahututi kule Tarawa. Tiaon akapata kiti cha ndege ya Jumatano, cha mwisho. Jumatatu jioni akaja kaka yangu Baraniko, akaketi mkekani, akala samaki wetu kimya kimya. Nikajua ana jambo. Kaka yangu hali bila kupiga domo.

"Shemeji," akasema, "nina bubuti."

"Sema. Kama unataka kumrudisha dada yako kwenu, mchukue leo leo, kelele zake zimenichosha."

Hawa wawili hutukanana kwa mzaha kila wakutanapo, lakini Baraniko hakucheka. "Naomba kiti chako. Nimepata kazi ya meli. Ijumaa wanafunga orodha ya majina Tarawa."

Kwetu bubuti, ombi la ndugu, haikataliwi. Ukikataa, unatembea na aibu hiyo mpaka kaburini. Tiaon akanitazama. Mimi ningeweza kumfukuza kaka yangu pale pale na watu wangecheka tu, maana ni kaka yangu. Lakini wanawe hula kwangu kila siku, na kazi ile ilikuwa chakula chao. Nikainamia sufuria.

"Chukua," Tiaon akasema. "Mama ataningoja wiki moja."

Jumatano Tiaon mwenyewe alimpima Baraniko, na begi lake, akaandika kilo zake. Kisha akasimama juani mpaka ndege ikapotea machoni.

Ijumaa simu ikalia. Ni Baraniko; Tiaon akaiweka kwenye spika.

"Shemeji, jana nilipofika nilipitia hospitali nimsalimie mama kwa niaba yako. Alikuwa haoni tena. Akanishika mkono, akauliza, 'Tiaon, umefika?' Nikamwambia, nimefika, mama. Amekata roho asubuhi hii. Wanazika kesho."

Nilitafuta tusi la kumtukana kaka yangu, nikalikosa. Kesho ni Jumamosi, ndege ni Jumatano, na hakuna mtu wa kumwomba kiti, wala pa kukimbilia, ni bahari tupu pande zote.

"Mkono wake ulikuwa na joto?" Tiaon akauliza.

"Ulikuwa na joto."

"Asante, shemeji," akasema mume wangu, kwa adabu kabisa. Afadhali angemtukana.