Matanga ya Mutu wa Roketi

Bwana yangu alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma hapa Nchelenge, kando ya ziwa, mpaka wazungu fulani wa upande wa Zaire walipomuita kwenye kazi ya roketi. Akavuka ziwa. Aliporudi likizo hakuwa na habari ingine: mabomba membamba ya chuma, yote sawasawa, yanafungwa pamoja kama muzigo wa kuni, yanajazwa mafuta, yanarushwa. Bei rahisi, haichukui muda kuiunga, hata inchi maskini itapeleka setilaiti yake ndogo huko juu. Nikamuambia, "Aah, weye! Setilaiti itatuvulia samaki?" Akacheka. Nilipenda kicheko chake, na nilichukia ile kazi.

Kisha wachuuzi wa samaki wakafika kutoka ngambo: roketi ilipanda, ikageuka, ikaanguka, watu wamekufa. Watu gani? Hawakujua.

Sasa, sisi wa ziwani hatungojei maiti. Ziwa likimeza mutu, mara nyingi halimurudishi. Tunalia, tunanyoa, na mujane anarithiwa na ndugu ya marehemu. Mama mukwe akataka tufanye vilevile kwa roketi.

"Mama, bwana yangu ni muzima," nikasema.

"Nani alikuambia? Wacha kiburi. Unataka roho yake itusumbue sisi wote?"

Nikakataa. Nikabeba mutoto wetu mugongoni, nikauliza kila mutumbwi uliotoka ngambo, na kila mutu akatikisa kichwa. Shemeji, yule wa kunirithi, akaanza kukaa kwenye kiti cha bwana yangu, akiniagiza maji ya kuoga. Ningeweza kumumwagia yakichemka!

Mwishowe nilichoka. Wakanikalisha chini, wakaninyoa kwa wembe butu, wanawake wakiita mama kwa Kibemba, "Mayo! Mayo!" Nami nililia, lakini kwa hasira. Kurithiwa kukapangwa kwa Jumapili.

Jumamosi bwana yangu akashuka kwenye mutumbwi pale Kabuta, akapakiwa kwenye baiskeli ya samaki. Ile roketi ilianguka kweli, ila porini, hakuna aliyeumia. Sisi hatukujua.

Alinikuta nimekaa chini ukutani. Akaangalia kichwa changu, mufuko ukamutoka mukononi.

"Nani amekufa?"

Nikajifunika kichwa kwa kitenge.

"Ni mutoto? Mutoto wetu?" Akapiga magoti, akaanza kulia kwa sauti.

Kabla sijamujibu, ndugu yake akatoka ndani ya nyumba yetu, amevaa shati ya bwana yangu. Bwana yangu akatazama ile shati, akasema, "Kumbe ni mimi niliyekufa."