Mshika Bendera wa Mombo

Tangu biashara iachiwe huru, stesheni ya Mombo ilifurika hadi matenga ya mapeasi yakaziba mlango wa ofisi. Mshika bendera hakubadilika: alifagia taratibu, akiwatania wachuuzi kwa Kishambaa. Asubuhi moja, treni ya Tanga ikitaka kuondoka, mama mmoja kutoka Mtae alikuja mbio, mtoto akihema kwa shida mgongoni.

“Shikamoo baba, wasituache!”

“Marahaba. Panda, mwanangu.”

Dereva akapiga honi. “Mzee, bendera!”

“Nimeisikia honi yako. Na wewe muone mtoto.”

Akamshika mama mkono, akampandisha, ndipo akapeperusha bendera. Treni ikapotea kwenye mikonge. Yeye akabaki amesimama, midomo ikimcheza kwa sala.