Jembe la Mahari Lililovuka Ruvuma

Kuandika nilifunzwa misheni miezi minne tu, na huenda nakumbuka kwa kujipendelea. Nitajitahidi kumtendea haki hata mume aliyenikimbia.

Mume wangu alikuwa wa kwanza kijijini kunywa maji ya dawa, na wa kwanza kuvuka Ruvuma.

"Risasi za Mdachi zitageuka maji!" alitutangazia, kifua mbele.

Haki niseme: risasi ya kwanza aliingoja. Ya pili alisimuliwa huko kwa Wareno. Na mimi nilikimbilia porini, ila sikuwa nimemtangazia mtu kitu.

Vita vikaisha, njaa ikaja ikaondoka, yeye hakurudi. Habari zake zilitufika: ana shamba, ana mke, ana kitambi. Mimi hapa Songea nikabaki mke wa mtu asiyekuwepo. Seremala mmoja aliyefiwa na mkewe akataka kunioa. Jumbe akakataa.

"Mke huachika jembe likirudi," alisema. "Baba yako alipokea jembe la mahari. Mumeo alishike kwa mkono wake mbele ya shahidi, akijua ni la nini. Bila hivyo, mama, wewe ni wake."

Jembe lilikuwepo. Askari walipochoma maghala, baba alilifukia chini ya kitanda, na sasa alilimia hilo hilo huku majirani wakichokoa ardhi kwa vijiti. Nilipomwomba, alilipangusa udongo kwa kiganja.

"Mwanangu, nikiambiwa nichague kati ya jembe hili na mkwe wangu..."

"Baba, chagua kati ya jembe na mimi."

Akalichomoa mpini. "Nililetewa chuma. Narudisha chuma."

Mchuuzi wa tumbaku aliyezoea kuvuka Ruvuma akalibeba, akaenda na mwenzake awe shahidi. Nilimsihi mchuuzi mara tatu atamke wazi kwamba ni la kuachana. Sikutaka kumnasa mtu kwa hila.

Walirudi baada ya miezi miwili, tukakutana barazani kwa jumbe.

"Shikamoo, jumbe. Amekataa," alisema mchuuzi. "Kasema huyu ni mke wake mpaka kaburini."



"Na jembe liko wapi?" jumbe akauliza.

"Analo."

"Analo vipi?"

"Nilimwambia, ukilishika umeacha mke. Akalishika. Akaligonga kwa ukucha, akasema, chuma hiki! Nikamwambia basi nirudishie, akaenda nalo shambani. Kesho yake tulimkuta analimia mihogo. Ila mpini aliolitia unacheza. Kaagiza mkewe huyu amtafutie mpini mzuri wa huku."

Jumbe alicheka mpaka kofia ikamdondoka. Akamgeukia shahidi. "Wewe uliona?"

"Niliona, jumbe. Tuta zima kalimaliza."

"Mdomo umekataa, mkono umekubali. Mama, umeachika."

Baba hakucheka. Alikuwa akiwaza shamba lake.

Bado najiuliza kama ilikuwa haki kumpelekea mtu mchoyo jembe zuri, chuma kikiwa adimu vile. Labda nilijua hataliachia. Lakini tuliloletewa sisi lilikuwa zuri. Kurudisha bovu ndiyo ingekuwa hila.

Mpini nao nilimpelekea. Mtu akiomba kitu kidogo namna ile, kumnyima si uungwana. Seremala wangu aliuchonga kwa mninga, wiki ile ile ya harusi yetu, akausugua hadi ukang'aa.